Milioni 6 na mashua mbili kuukuu: nianzeje biashara ya mbao zilizokwisha tumika?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Tanga, nimesomea useremala VETA na nimefanya kazi kwenye karakana ya watu miaka minne. Nina akiba ya shilingi milioni 6. Kigombe kuna mashua mbili zimeachwa ufukweni, mwenyewe anauza milioni 1.2 kila moja. Nataka nitengeneze meza za mbao za jahazi kama zile ninazoziona Zanzibar na Lamu, niuzie mahoteli na watu wa Dar. Meza moja nimeipigia hesabu ya 450,000. Na mbao mpya nitakazonunua, nataka ziwe za halali zisizomaliza msitu. Je, nianze? Mashua ninunue zote mbili?

Jibu: Marahaba mwanangu. Anza, ila nunua moja tu, tena usitoe hela kabla hujarudi Kigombe na bisibisi ndefu mfukoni.

Nakwambia bisibisi kwa sababu mashua iliyopandishwa nchi kavu haiozi kwa maji ya chumvi, inaozeshwa na maji ya mvua. Maji yanaingia kwa juu, yanatuama tumboni karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, na kwenye maungio ya mataruma, yaani mbavu zake, na mbao, na hapo ndipo mti unapogeuka kuwa kama keki. Kwa nje unaona ubao mzima wenye rangi ya kupendeza. Kwa ndani bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Choma kila baada ya hatua moja, pande zote mbili, na anzia chini. Ikizama sehemu nyingi kuliko inazogoma, shukuru mwenye chombo, nenda kaangalie ile ya pili.

Sasa nije kwenye hiyo 450,000 yako, maana ndiyo iliyonifanya nikae kitako kukuandikia. Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii wana mikono mizuri, na wateja wapo. Kinachowafilisi ni kuihesabu mbao ikiwa bado ina misumari.

Tuseme umeinunua mashua kwa 1,200,000. Kuibomoa na kuipakia kwenye gari mpaka Tanga mjini, weka 350,000. Watu wawili kung'oa misumari na kukata vipande vilivyooza, siku sita kwa 25,000 kila mmoja, ni 300,000. Umeshafika 1,850,000 na hujagusa randa. Ulipoipima ufukweni ulipata, tuseme, futi za ujazo 60, ukagawanya bei ya kununulia, ukaona futi moja ni 20,000, ukafurahi. Lakini baada ya kuondoa uozo, ncha zilizopasuka, sehemu zilizotobolewa na funza wa baharini na zile zilizojaa kutu, mbao safi inayoweza kuingia kwenye meza ikabaki futi 22. Gawanya tena: 1,850,000 kwa 22 ni kama 84,000 kwa futi. Hiyo ndiyo bei ya mbao yako.

Meza ya futi 6 kwa 3 yenye uso wa inchi moja na nusu inakula futi za ujazo 2.25 juu, na kama futi 1 kwa miguu na fremu. Weka na makapi ya kukatia, inafika 4.33 hivi. Hapo mbao peke yake ni kama 364,000. Fundi siku tano kwa 30,000 ni 150,000. Msasa, gundi na mafuta ya kumalizia 60,000. Umeme na kunoa visu 25,000. Pango, igawie meza hiyo 40,000. Jumla 639,000. Wewe ulitaka kuiuza 450,000! Kwa hesabu hiyo kila mteja anayetabasamu anaondoka na 189,000 zako, na mashua nzima ingekupa meza tano tu.

Sikwambii mashua yako itatoa futi 22. Inaweza kutoa 30, inaweza kutoa 12. Ninachotaka ni kwamba usimtajie mtu yeyote bei mpaka ubao wa mwisho umetoka misumari na umepimwa. Meza kama hiyo mimi nisingeitoa chini ya 950,000, na mteja wa kiasi hicho yupo, nitakuja kwake.

Kuhusu misumari yenyewe, tafuta spika kubwa iliyokufa kwa fundi redio, toa sumaku yake, ifunge kwenye kipini cha mbao. Pitisha juu ya ubao taratibu, upande huu kisha upande wa pili. Inapovuta, weka alama ya chaki. Misumari ya vyombo vya zamani imepindwa kwa ndani, na ukiing'oa kwa pupa kichwa kinakatika, kiwiliwili kinabaki ndani ya mti. Hicho kilichobaki ndicho kinachokula visu. Kwangu kila ubao unapitiwa mara tatu: kabla ya kung'oa, baada ya kung'oa, na kabla ya kuingia mashine. Ile ya tatu wanagenzi huona ni usumbufu, mpaka siku wasikie mlio wa kisu kikigonga chuma. Na ukikuta mvule, sumaku haitoshi. Mvule una jiwe lake ndani, chokaa iliyoganda kwenye mti ukiwa hai. Sumaku hailioni, msumeno unalijua.

Jambo jingine ambalo hakuna anayekuambia ni kwamba wenye mashine za kuranda mtaani watakukatalia. Wakiona mbao za jahazi wanafunga swichi, nami siwalaumu. Usikimbilie kununua mashine kwa milioni zako 6. Nunua seti yako ya visu vinavyoingia kwenye mashine ya mmoja wao, mwambie fungua vyako, funga vyangu, nikimaliza urudishe vyako. Utamlipa muda wake. Vikimeguka ni vyako. Nilifanya hivyo miaka miwili ya mwanzo kabla sijawa na mashine yangu.

Matundu ya misumari na madoa meusi yanayoyazunguka usiyafiche. Ni kutu iliyokutana na utomvu wa mti, na mteja wa mbao za jahazi analipia hilo doa. Jaza tundu kwa gundi safi ili uso uwe laini, basi. Nimeona watu wanapaka rangi ya kahawia juu ya kila kitu, meza inatoka kama ya dukani. Sasa mtu anunue ya nini?

Chumvi ndiyo ya kuogopa zaidi ya matundu. Mbao iliyokaa baharini miaka 30 imekunywa chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa. Ukiimalizia bila kuisafisha, vanishi inatoka malengelenge, na msimu wa mvua meza inatoa jasho. Mbao zikishang'olewa misumari zipange nje, weka vijiti katikati ya kila safu, ziache zinyeshewe na masika zima. Hakuna mvua? Zimwagie maji baridi mara kwa mara. Baada ya hapo zihamishie kivulini zikauke. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene kwa mbao mbichi. Hizi kuukuu zinawahi zaidi, lakini usikisie, nunua kipima unyevu.

Hapa nina kovu langu. Miaka ya nyuma nilimtengenezea mtu meza ya watu kumi, mkongo mtupu, nikaipeleka Dodoma. Kwenye karakana yangu huku Pwani ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Dodoma hewa ni kavu, mti ukanywea. Mwezi wa tatu akanitumia picha: ufa katikati ya uso wa meza, kidole gumba kinaingia. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa nimeugandisha uso kwenye fremu kwa gundi na skrubu, hauna pa kuchezea. Nilirudi na basi, nikaibomoa, nikaifunga upya kwa vibanio vya mbao vinavyoteleza kwenye mfereji. Faida ya meza ile iliishia barabarani. Kwa hiyo kila oda inapoingia, swali la kwanza liwe: inakwenda mji gani?

Kisha kuna mbao zilizotumika ambazo hutakiwi kuzigusa hata ukipewa bure, na utapewa. Nguzo za umeme zilizong'olewa zimenyweshwa kreosoti au ile dawa ya shaba, kromiamu na aseniki inayoacha rangi ya kijani kwenye mti. Aseniki ni sumu. Usizipasue ndani, usizitengenezee kitanda, na makapi yake usimpe mama ntilie akapikie. Mataruma ya reli ya mbao ni vilevile, kreosoti tupu. Neno ni moja na mataruma ya jahazi, lakini ya jahazi ni neema na ya reli ni balaa. Rangi za zamani kwenye milango na vyombo huenda zina risasi, kwa hiyo zikwangue zikiwa na maji, usizipige msasa zikiwa kavu, na watoto wasicheze na zile taka. Kwa sababu hiyohiyo mimi sitengenezi mbao za kukatia nyama wala sinia kutokana na vyombo vya bahari. Chombo kimepakwa deheni, yale mafuta ya kuzuia maji, na rangi juu ya rangi, hujui kilichozama ndani.

Paleti za bandarini zina alama ya moto yenye suke la ngano. Ikiandikwa HT imechomwa kwa joto, haina neno. Ikiandikwa MB imefukizwa kwa gesi ya sumu, iache. Isiyo na alama yoyote nayo iache.

Milango ya kuchonga ni habari nyingine. Ukiwa Tanga, Pangani au Bagamoyo utaitiwa nyumba ya zamani inayobomolewa, na utaona mlango. Mate yatakutoka. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu 2001, na huko mlango hauondoki ukutani kienyeji. Usiununue, usiukate kuwa meza. Nyumba hiyohiyo ina boriti za mikoko darini, hizo chukua kwa risiti. Leo misitu ya mikoko ni hifadhi, hivyo boriti ya dari la babu ndiyo boriti pekee ya mkoko unayoweza kuiuza ukiwa na usingizi. Urefu wake ni kama mita 3 hivi, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba.

Umeuliza mbao mpya za halali. Nitakutajia njia tatu, na ya tatu ndiyo inayokufaa kwa sababu iko nyuma ya nyumba yenu.

Ya kwanza ni mashamba ya miti. Msaji, wengine mnauita mtiki, unapandwa Longuza huko kwenu Muheza, na Mtibwa, Morogoro. Misonobari inatoka Sao Hill, Mufindi. Karatasi zake zinafuatilika, na kwa fremu na miguu ya meza zinatosha.

Ya pili ni misitu ya vijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Kilwa wamekwenda mbali zaidi. Vijiji vinavyofanya kazi na shirika la MCDI, lile lililoanza na mpingo, vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayovunwa bila kuimaliza, mwaka 2009. Unazungumza na kamati ya maliasili ya kijiji, miti imehesabiwa na kupigwa nyundo ya alama, unalipa kijijini. Ni ghali kuliko mbao ya mjomba anayekuja na lori usiku. Rahisi huvunja upishi. Lakini kuwa mwangalifu na hiyo alama ya FSC. Kununua mbao yenye cheti hakukupi ruhusa ya kuibandika alama kwenye meza yako, maana karakana nayo inatakiwa iwe na cheti chake cha mnyororo, kinachofuatilia mbao kutoka msituni mpaka kwa mteja. Bila hicho, andika jina la kijiji na namba ya kibali. Mteja makini atakuheshimu zaidi.

Ya tatu ni mnazi. Tanga na Pangani mna minazi mizee iliyoacha kuzaa, mingine inasubiri upepo uiangushe juu ya paa la mtu. Mnazi hauna matawi, kwa hiyo hauna fundo. Ugumu wake uko pembeni, karibu na gamba, na zaidi sehemu ya chini ya shina. Katikati ni laini kama boga, tupa. Pasua kwa kuzunguka, chukua vipande vya nje tu. Utatoa mbao nyembamba zenye madoa ya kahawia nyeusi. Ila unafifisha meno ya msumeno haraka, tumia yenye ncha za kabaidi. Uso wa jahazi juu, miguu ya mnazi chini: hiyo meza mtu wa Kariakoo hawezi kukuigia. Mwembe na mfenesi uliozeeka pia usidharau.

Mpingo, mkongo na mninga zina jambo la ziada. Mpingo uliingia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017 pamoja na jamaa zake wote. Mkongo na mninga wa Afrika ziliongezwa kwenye mkutano wa Panama, Novemba 2022. Hapa ndani ya nchi haikugusi sana, lakini siku jamaa wa Muscat au Hamburg akitaka umtumie mbao zilizopasuliwa, kunahitajika kibali, na uzee wa mbao hauiondoi kwenye orodha. Muulize ofisa wa misitu kabla ya kupokea malipo yake.

Usajili wa jina, namba ya mlipakodi (TIN) na leseni ya biashara nenda tu ukafanye, havina hadithi. Chenye hadithi ni kusafirisha. Kwenye geti la maliasili, askari haoni jahazi, anaona mbao. Kabla ya kupakia pale Kigombe, pata barua ya mauziano kutoka kwa mwenye mashua, yenye sahihi ya mwenyekiti wa kijiji na watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufukwe, wanaokijua chombo. Kipige picha kikiwa kizima, kisha kikiwa nusu. Peleka vyote ofisi ya wilaya ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, wakwambie utembee na karatasi gani. Na gari liende mchana.

Zile picha usizifute zikishakuvusha getini. Fungua daftari, kila chombo kiwe na ukurasa wake: jina la mashua, ilikuwa ikivua wapi, nani aliiunda kama wanamkumbuka, ilipandishwa lini. Kaa na wazee wa pale jioni moja, kahawa na kashata ni juu yako. Kila ubao upige namba kwa chuma cha moto upande usioonekana. Meza ikitoka, mteja anapewa karatasi yenye picha ya mashua na namba ileile. Hapo ndipo 950,000 inapotoka. Bila daftari unauza mbao zenye matundu, na mtu akija na mbao mpya alizozipiga nyundo na kuzimwagia chai ya rangi, na wapo, huna cha kumshinda nacho.

Sasa mteja. Usianze na hoteli. Hoteli inataka viti 40 vinavyofanana, wewe una mbao zisizofanana. Tena wengi wao hulipa baada ya miezi miwili au mitatu, na milioni zako 6 hazina pumzi hiyo. Hoteli moja ilinikalia na hela za mabenchi mpaka nikauza pikipiki. Tangu hapo ni asilimia 60 mkononi kabla ya ubao kukatwa, na iliyobaki gari likiwa mlangoni. Anza na watu wa nyumba zao: anayejenga Masaki au Njiro, mwenye mgahawa mdogo wa kahawa, wageni wanaopangisha nyumba Pangani. Hao wananunua kipande kimoja, wanapiga picha, wanaleta mwenzao.

Na usitengeneze meza tu. Mbao safi za urefu wa futi mbili ambazo meza inazitupa ni fremu za vioo. Mataruma, yale matawi yaliyopinda yenyewe msituni, watu wanayachoma kuni. Ni miguu ya benchi na vishikio vya rafu, hakuna mashine inayoweza kuyapinda vile. Ukiviingiza hivyo, zile futi 22 zinaweza kusogea kuelekea 30, na bei ya kila futi inashuka bila kumpunja mtu.

Kwenye milioni 6, basi: mashua moja mpaka isafishwe, 1,850,000. Visu, randa ya mkono ya umeme, kipima unyevu, barakoa nzuri. Minazi miwili mitatu. Pango la miezi mitatu mahali penye uwanja wa kuanikia. Milioni 1.5 iache benki, jifanye huna.

Ile mashua ya pili mwambie mwenyewe utarudi. Ukimaliza kung'oa ya kwanza, pima mbao safi, uniandikie umepata futi ngapi, ndipo tutazungumza kama inafaa na kwa bei gani.